Chupa Inayolala

Nilianza kazi siku ya Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, wiki ya pili baada ya kumaliza mtihani wa kidato cha nne. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimefika mapema zaidi, nikajibanza nyuma ya mchikichi ulio karibu na geti, nikisubiri mtu mwingine aingie kwanza ili na mimi niingie mgongoni kwake. Hakuna aliyekuja. Mwishowe Mwenyekiti wa kikundi mwenyewe akatoka kumwaga maji machafu, nusura anilowanishe miguu.

"Wewe ndiye Sekela?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mama yako aliniambia ananiletea mfanyakazi mwenye mikono miwili. Mdomo akausahau nyumbani? Ingia."

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba na najua neno hilo ni la watu wenye mvi, lakini sina jingine la kumweleza mtu aliyefanya kazi mahali pamoja mpaka akaagwa kwa chai na maandazi. Naandika kwa ajili ya wadogo zangu watakaomaliza shule na kukaa nyumbani wakisubiri matokeo. Wajue kazi ya chupa tuliifanyaje wakati wetu.

Kazi yenyewe ilikuwa Njisi, huku kwetu Kyela karibu na mpaka, kwenye kikundi cha akina mama wanaopika achali ya pilipili. Achali yetu ilikuwa na vitunguu, tangawizi, karanga za kukaanga zilizotwangwa, pilipili kali, na mawese ya hapa hapa kwetu. Mwenyekiti, yaani Mama Lugano, alikuwa ndiye mpishi mkuu. Mumewe ni baharia, yuko ziwani muda mwingi kuliko nyumbani, na kikundi kile ndicho kilichokuwa kikiwasomesha watoto wake. Mama yangu naye ni mwanachama, ndiyo maana nilipata ajira bila kuulizwa swali lolote. Ningeulizwa nisingejibu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa karai la kuoshea chupa. Pale nilijifunza kwamba chupa ina mwili kama mtu: mdomo, shingo, mabega, tumbo na kitako. Aliyeosha chupa nyingi anajua zilivyo hata akifumba macho. Mabega yakiwa bapa, uchafu unajificha pale chini yake na brashi haiufikii. Mabega yakiwa ya mteremko, maji yanashuka yenyewe. Sikujua kwamba elimu hiyo ya karai ingekuja kunifaa.

Kituo cha pili kilikuwa lebo. Lebo ya gundi hubandikwa kuanzia katikati kwenda pembeni, upepo usibaki ndani ukafanya vipele. Kazi hiyo niliipenda sana. Lebo haisalimii mtu wala haitaki kusalimiwa.

Kituo cha tatu ndicho kilichonitesa, na hapo lazima nieleze desturi, kwa sababu najua hata baadhi ya wenzangu wa shule hawaifuati tena.

Kwetu, mke haonani na baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, hazungumzi naye. Ni heshima, si ugomvi. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, lakini Mwenyekiti alilelewa na bibi yake na hakutaka kulegeza hata uzi mmoja. Sasa, baba mkwe wake alikuwa ndiye fundi wetu wa chupa.

Huyu nitamwita Fundi Mkuu, ndivyo tulivyomwita. Alifanya kazi ujanani mwake kwenye kiwanda cha plastiki Dar es Salaam, akarudi nyumbani na mashine moja ya zamani ya kupuliza chupa. Unachukua kichupa kinene kifupi kama kidole gumba, yeye alikiita mbegu, unakipasha moto mpaka kinalegea, unakifungia ndani ya kalibu, yaani chuma kilichochongwa umbo la chupa kwa ndani, kisha unapuliza hewa. Mbegu inatuna mpaka inagusa kuta za kalibu, na hapo inakuwa chupa. Karakana yake ilikuwa nyuma ya jiko la kikundi. Katikati palikuwa na uzio wa mianzi.

Kwa hiyo palihitajika mtu wa kupita kwenye uzio akibeba maneno. Aliyekuwepo kabla yangu aliolewa huko Katumba Songwe, na Mwenyekiti akanitazama mimi.

"Huyu hana umbea," akasema. "Hata angetaka, hawezi."

Kila asubuhi nilisalimia mara mbili, mara moja upande wa jikoni na mara moja upande wa karakana, na kote sauti yangu ilikuwa ndogo. Fundi Mkuu alikuwa akisimamisha kazi na kuuliza, "Kuna mjusi amesema kitu hapo?" Nikirudia, anasema, "Aa, kumbe Sekela. Nilidhani mjusi."

Mwenyekiti hakulitaja jina lake kamwe. Alisema "upande ule". Fundi Mkuu naye alisema "upande wa jikoni". Mimi nilikuwa mlango.

Mwezi wa tano mvua zilipopungua, Mwenye Duka akaturudishia katoni zetu. Huyu ni mfanyabiashara wa Kyela mjini, babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kinateleza kama kimepakwa siagi. Ana duka jingine Tukuyu, na huko ndiko achali yetu ilikokuwa ikinunuliwa zaidi.

"Mama Lugano, achali yenu tamu, wallahi mimi mwenyewe naila," alisema akiwa amesimama getini. "Lakini Tukuyu ni baridi. Mawese yanaganda juu kama kizibo. Mteja anatikisa mpaka bega linauma, anapiga kitako, haitoki kitu. Mara puu! Nusu ya chupa iko kwenye sahani. Au yanatoka mafuta matupu, pilipili inabaki chini kavu kama pumba. Wananirudishia mimi."

"Waambie wapashe moto."

"Mama, mtu ananunua achali, hanunui kazi." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Baridi kali ni mwezi wa sita na wa saba. Nileteeni chupa inayotoa kabla ya hapo. Bila hivyo rafu ile naiwekea kitu kingine, na msinichukie."

Alipoondoka Mwenyekiti alikaa kwenye kigoda, mwiko mkononi. Duka lile likitukataa, tungerudi kuuza kwa kijiko kutoka kwenye ndoo kando ya barabara ya mpakani, kama kikundi kilivyoanza. Nusu ya akina mama wangeacha. Alisema hivyo kwa sauti, hakutuficha.

"Sekela, nenda upande ule. Sema tunataka chupa inayotoa."

Nikaenda, nikasema. Fundi Mkuu aliweka chini tupa yake.

"Inayotoa. Kila chupa inatoa, mjukuu wangu. Swali ni inatoa nini, na lini." Akachukua chupa ya zamani akanionyesha kwa kidole. "Shingo nyembamba, mabega bapa. Kitu kizito kinakaa hapa begani kama mgeni asiyetaka kuondoka. Tuigeuze. Isimame kwa kichwa. Kifuniko kiwe kipana, ndiyo miguu yake. Mabega yawe mteremko. Na tumbo liwe laini, mtu aminye."

Mdomo ndio uliomchukua muda. Chupa ikisimama kwa kichwa lazima mdomo ujifunge wenyewe, la sivyo inavuja. Alinituma dukani kununua chuchu za chupa za watoto. Alikata ncha ya chuchu alama ya kujumlisha kwa wembe, akaifunga mdomoni. Ukiminya, vipande vinne vinafunguka kama ua. Ukiachia, vinajifunga. Nilicheka kwa sauti nilipoona, na yeye akashangaa kwamba naweza kucheka.

Alichonga kalibu mpya. Aliniomba achali ya kujaribia, Mwenyekiti akamimina kwenye bakuli, nikaipeleka. Ilifanya vizuri mno. Akapuliza chupa za kujaza gunia zima, nikazibeba kupitia uzio, na upande wa jikoni akina mama wakapiga vigelegele.

Jioni ile Mwenyekiti alitoa sufuria jikoni, akaanza kujaza kama anavyojaza siku zote, achali ikiwa bado inachemka, kwa sababu yakiwa ya moto mawese ni mepesi na yanamiminika vizuri. Chupa ya kwanza ikatoa mlio. Tumbo likaingia ndani, mabega yakapinda, shingo ikainama upande kama ya mtu anayesinzia kanisani. Ya pili hivyo hivyo. Alijaza nyingi kabla hajaamini anachokiona.

"Sekela! Nenda upande ule! Uliza hizi ni chupa au ni mifuko ya nailoni?"

Nikaenda, nikauliza, ila nailoni sikuitaja. Fundi Mkuu akaja mpaka kwenye uzio, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akasimama akiwa ameupa uzio mgongo.

"Uliza upande wa jikoni wametia kitu gani."

"Sema achali!" Mwenyekiti akajibu kabla sijageuka. Naye alikuwa ameupa uzio mgongo. "Achali ile ile niliyompelekea!"

"Uliza ilikuwa ya moto?"

"Sema kuna mtu anajaza achali ya baridi?"

Nilisikia mashine ya hewa ikipumua. Ndipo wote tukaelewa. Miaka yote ile mita chache kutoka jikoni, Fundi Mkuu hakuwahi kuona achali ikijazwa. Angeionea wapi, na desturi ndiyo ile? Ya kwake ya kujaribia ilifika na bakuli, imeshapoa. Plastiki ile ikipata moto inakumbuka ilivyokuwa mbegu, inataka kurudi; chupa za zamani zilikuwa nene zikavumilia, hizi ni laini. Kila fundi anajua hilo. Na kila mpishi anajua achali hujazwa ya moto. Mimi pekee nilikuwa nimeona pande zote mbili, na hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi si mtu wa kusema nisichoulizwa.

Zilizopinda hazikuweza kusimama, si kwa miguu wala kwa kichwa. Niliambiwa nizitoe njiani, nikazilaza kwenye benchi. Chache zilizojazwa mwisho, sufuria ilipokuwa imepoa, zilibaki nzima. Hizo nilizisimamisha kwa kichwa kama Fundi Mkuu alivyokusudia.

Asubuhi kulikuwa na ubaridi, hata kwetu Kyela. Nilifika kabla ya wote, njaa inaniuma, na mfukoni nina ndizi mbili za kuchemsha. Nikaminya moja ya zile nzima. Ikatoka pilipili kavu, nzito. Mafuta yalikuwa yamepanda juu kwenye kitako yakagoma huko. Hapo nikaona kwamba chupa ya zamani ilitoa mafuta ikabakiza pilipili, na hii inatoa pilipili inabakiza mafuta. Tulikuwa tumegeuza tatizo tu.

Nikachukua moja ya zilizopinda. Nikaiminya ikiwa bado imelala, nimeinua kitako kidogo. Ukatoka mstari mwekundu juu ya ndizi, mafuta na pilipili pamoja, laini, bila kutikisa.

Nikajaribu nyingine. Hivyo hivyo.

Nilifikiria nyumbani. Kwetu chupa ya mawese iliyoganda hailetwi motoni ikiwa imesimama. Mama huilaza kando ya mafiga, na bibi alikuwa akiilaza, ili yayeyuke kwa urefu wote na si chini tu. Ikilala, kilicho ndani kinajitandaza kama mkeka juu ya mkeka, na mikeka yote miwili inafika mdomoni. Nilisimama pale na ndizi mkononi, kwa sababu nilikuwa na jambo la kusema na hakuna aliyenituma.

Nilipita uzio.

"Babu."

"Mjusi?"

"Babu, isisimame." Nikamnyooshea ile iliyopinda. "Chupa. Isisimame kabisa. Ilale."

Nikamwonyesha. Aliminya, akaramba kidole, akaminya tena. Aliizungusha ile chupa iliyopinda mikononi mwake muda mrefu, akipapasa pale tumbo lilipobonyea.

"Imejikunja inapotaka," akasema. "Basi tuipe mahali pa kujikunja. Upande mmoja tuufanye bapa, ndio utakuwa kitanda chake. Ila uwaambie upande wa jikoni wangoje sufuria ipoe mpaka mtu aweze kuishika bila kitambaa. Na mawese wapunguze, waongeze alizeti, haigandi upesi."

Ujumbe wa sufuria niliufikisha bila shida. Ule wa alizeti ulileta vita.

"Upande ule sasa unanifundisha kupika?" Mwenyekiti alishika kiuno. "Achali ya Kyela iwe ya alizeti? Watu wa Tukuyu watuone tumeishiwa michikichi?"

"Si yote, mama. Kidogo."

"Nani kasema kidogo, yeye au wewe?"

"Mimi," nikasema.

Alinitazama kama vile karai ndilo lililoongea. Lakini kesho yake niliona dumu la alizeti limefichwa nyuma ya kuni, na achali ya siku ile ilikuwa nyepesi kidogo, nyekundu ile ile. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilibandika lebo kwa urefu wa chupa mpya zenye ubavu bapa, jina lisomeke ikiwa imelala.

Mwezi wa sita Mwenye Duka alipeleka katoni moja Tukuyu, akasema zilale huko siku mbili, kisha mmoja wetu aende aifungue chupa mbele yake na mbele ya wateja. Nani aende? Mwenyekiti aliijua achali, Fundi Mkuu aliijua chupa, na hao wawili hawawezi kukaa gari moja. Wote wakanitazama mimi, Mwenyekiti kupitia mlango wa jiko, na babu kupitia nyufa za mianzi.

Tukuyu asubuhi ile kulikuwa na ukungu mpaka mlangoni. Dukani walikuwepo wateja wanne au watano wamejitanda mitandio na makoti. Kijana wa duka alikuwa amezipanga chupa zetu kwenye rafu zikiwa zimesimama, zimeegemezwa kwenye mikebe ya maziwa, na mbili zilikuwa zimeshadondoka.

"Binti, chupa zenu zinaanguka," alisema Mwenye Duka. "Na mafuta naona yameshapanda. Ni yale yale." Akachukua moja, akaipindua, akainua mkono kuipiga kitako.

"Mzee, usiipige! Ilaze!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Duka zima liligeuka. Masikio yangu yalipata moto, lakini maneno yalikuwa yameshaanza na hayakuwa na breki. Nikamwambia chupa hii ni ya kulala kwenye ubavu huu bapa, ilazwe rafuni, ilazwe nyumbani, na alisome jina lilivyoandikwa. Nikaitikisa kidogo, nikailaza kwenye meza, nikaiacha, tukangoja. Mama mmoja alikuwa na chapati mkononi. Nikamwomba. Nikainua kitako, nikaminya.

Kwanza haikutoka kitu. Nilimwona Mwenye Duka akikunja midomo. Nikaminya tena, polepole, na ua la babu likafunguka. Mstari mwekundu ukapita juu ya chapati kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mafuta yake na pilipili yake.

Yule mama aliuma, akatafuna, akasema, "Ninyi mnatazama nini? Nipe moja."

Mwenye Duka akacheka. "Na mimi nilidhani wamenitumia mtoto asiyesema." Akamgeukia kijana wake. "Zilaze. Zote. Mama Lugano aambiwe rafu ni yake."

Niliifikisha habari hiyo mara mbili, kila upande. Upande wa jikoni waliimba. Upande wa karakana Fundi Mkuu alisema "ndaga fijo", asante sana, mara moja tu, akarudi kwenye tupa yake, lakini siku nzima alipiga mluzi.

Chupa ile si kamilifu, nisiwadanganye. Chuchu zinachoka zikitumika sana, na asubuhi za baridi kali bado inabidi uishike kiganjani kwanza. Fundi Mkuu anasema iko njiani. Ninachowaachia ninyi ni hiki: kabla hujachora chupa, nenda ukaone sufuria. Na kama umeona pande zote mbili, sema, hata kama hujaulizwa.

Nilipochaguliwa kidato cha tano, niliagwa siku ya Alhamisi. Chai ilinywewa mara mbili, kila upande wa uzio, na nililazimika kula maandazi ya pande zote. Mwenyekiti alinifunga kitenge kipya kiunoni, akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Fundi Mkuu alinipa kalibu ndogo ya mbao, ya chupa ndogo kama kidole. Wote wawili waliniuliza swali moja, kwa faragha: nani atapita uzio kesho?

Asubuhi iliyofuata nilipita pale na tranka langu kichwani nikielekea stendi. Nikawasikia kabla sijafika getini.

"Sufuria," Mwenyekiti alikuwa akisema kwa nguvu, ameupa uzio mgongo, "leo utapoa saa nne. Chupa ziwe tayari saa nne."

Upande wa pili babu naye alikuwa ameinamia kazi yake. "Mashine, umesikia? Saa nne. Ila uiambie ile sufuria isiwe na haraka kama jana."

"Sufuria, jana nani alikuwa na haraka?"

Miguu yangu iligeuka yenyewe kuelekea kwenye uzio, kwa mazoea. Nikaizuia. Nikaliweka tranka vizuri kichwani, nikajaza hewa kifuani, na kwa mara ya kwanza nikasalimia mara moja tu:

"Mugonile!"

Wakaitikia kwa pamoja, pande zote mbili. Nikaenda kupanda basi.